Bibi Harusi, Tarehe ya Harusi Iulize Mwezi, Safari ya Bahari Iulize Upepo



Msimu wa harusi ukikaribia, chumba chetu cha cherehani hapa Ngamiani, Tanga, hakina pa kukaa. Sisi ni wanawake watatu. Tunashona nguo za bibi harusi, sare za wasindikizaji, na miaka hii ya karibuni nguo za stara za kuogelea. Maswali mengi tunayopokea ni ya kitambaa na bei. Lakini lipo moja linalorudi kila mara: "Dada, fungate tunataka kwenda Ushongo. Bahari itakuwaje?" Mwingine anaolewa Pemba na anauliza kama avuke na watu wake siku ya pili ya harusi au angoje.

Nasi humjibu kwa swali: "Harusi lini?" Akisema "Mfunguo Mosi, inshaallah," tunamwambia hilo halijatosha. Mfunguo Mosi wa mwaka gani? Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, na leo tunataka tuyafanye na nyinyi nyote, maana si kila mmoja atapita dukani kwetu.

Kalenda zetu ni mbili

Harusi tunazipanga kwa mwezi mwandamo. Ramadhani ikiisha, Mfunguo Mosi ndoa zinaanza. Idi Kubwa ikipita, nyingine zinafuata. Ni utaratibu mzuri na hatuna neno nao. Lakini mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Idi inarudi nyuma kila mwaka, na inachukua miaka kama 33 kuzizunguka nyakati zote za mwaka.

Mwaka 2015 Idi ya Mfunguo Mosi iliangukia Julai, kusi ikivuma kwa nguvu zake zote. Mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi, upepo unapogeuka na masika inapobisha hodi. Mwaka 2028 na 2029, Mungu akijaalia, itaangukia Februari, kaskazi ikiwa bado haijaondoka.

Sasa fikiria mama aliyeolewa Mfunguo Mosi wa mwaka 1996. Huyo aliolewa Februari. Binti yake akaolewa Mfunguo Mosi uo huo, lakini mwaka 2016, ambao ni Julai. Mama anamwambia mwanawe, "Sisi tulivuka kwenda Pemba bahari imetulia kama maji ya mtungini." Mama hasemi uongo. Mwezi ni ule ule kwa jina, bahari ndiyo si ile.

Wazee wa pwani walilijua hili. Ndiyo maana mabaharia na wakulima walikuwa na mwaka wa pili, mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365, unaohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Makunduchi bado wanaukaribisha kwa Mwaka Kogwa kila Julai. Watu wale wale waliofunga na kuoa kwa mwezi mwandamo, walitweka tanga na kupanda mbegu kwa Nairuzi. Hawakuona kuna ugomvi baina ya kalenda mbili. Mwezi ni wa Mwenyezi Mungu, na jua ni lake pia.

Pepo zetu kwa ufupi

Kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, ikitoka upande wa kaskazini mashariki. Ni wakati wa joto. Asubuhi bahari huwa imelala, maji maangavu, unaona mpaka vidole vya miguu. Mchana, hasa Januari na Februari, upepo unaweza kuamka na kuleta mawimbi mafupi mafupi, lakini kwa jumla kaskazi ni mpole kuliko mwenzake.

Kusi inaanza Aprili na kukaa mpaka Septemba au Oktoba, ikitoka kusini mashariki. Kilele chake ni Juni, Julai na Agosti. Huo ndio wakati baridi kidogo inapotufanya tutafute shuka, na bahari ya nje huchafuka. Mkondo mkubwa wa bahari unaopita mbele ya pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi inapovuma huusukuma ukaenda mbio zaidi, na kaskazi ikija huupunguza kasi.

Katikati ya pepo hizi mbili kuna vipindi vya kugeuka, mnamo Machi na Aprili, tena Novemba. Wazee huviita maleleji au tanga mbili, kwa kuwa chombo kiliweza kutweka tanga kwenda huku na kule. Sisi wa Tanga tunalipenda jina hilo, bila shaka mnajua kwa nini! Kipindi cha Oktoba na Novemba ndicho tunachowapendekezea mabibi harusi wengi: kusi imechoka, kaskazi haijafika, na maji yanaanza kung'aa. Mvua za vuli zinaweza kukurushia manyunyu, lakini manyunyu hayajaharibu fungate ya mtu. Kipindi cha Machi na Aprili kina masika nyuma yake. Mto Pangani ukijaa, maji ya bahari karibu na mdomo wake yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na kuogelea hakuna raha tena.

Mawimbi yetu yanavunjika wapi

Wako wanaoona kwenye simu picha za mawimbi marefu kama ghorofa, watu wamesimama juu ya ubao, wakadhani ndiyo bahari ilivyo kila mahali. Hayo mengi ni ya Atlantiki na Pasifiki. Pale Taghazout, Moroko, nchi ya Waislamu wenzetu, watu hungoja majira ya baridi, kwa sababu dhoruba za mbali katika Atlantiki hutuma mawimbi yakasafiri siku kadhaa mpaka yakafika ufukweni yamejipanga safu safu. Huko unaweza kuona jua linawaka, hakuna hata upepo, na wimbi likaja kubwa.

Kwetu Tanga mambo ni tofauti. Pemba imetukinga mbele kama ukuta, na kando ya pwani kuna miamba ya matumbawe na mafungu ya mchanga. Wimbi kubwa huvunjikia mwambani huko nje, unaona mstari mweupe wa povu, na linalotufikia sisi ni mabaki yake. Mawimbi yetu mengi ni mtoto wa upepo wa siku hiyo hiyo. Upepo ukilala, nayo hulala. Ndani ya ghuba ya Tanga, kule Raskazone, hata katikati ya kusi utakuta wanawake wamekaa majini wanapiga soga. Ukishuka kusini kuelekea Pangani na Ushongo unatoka taratibu kwenye kivuli cha Pemba, na kusi unaisikia zaidi.

Lakini mwamba huo unaotukinga una milango yake. Maji yaliyoingia wakati wa kujaa lazima yatoke wakati wa kupwa, na yanatoka kwa kupitia nafasi baina ya miamba, kwa kasi. Hapo ndipo mtu anapochukuliwa huku bahari inaonekana shwari. Mdomo wa mto Pangani ni hivyo hivyo. Ukijikuta unavutwa nje, usishindane na maji. Jiache uelee, nyanyua mkono, piga kelele, halafu jisogeze kwa upande, sambamba na ufuko, mpaka utoke kwenye mkondo. Anayeshindana nao kwa kurudi alikotoka huchoka kabla ya maji kuchoka.

Mwezi nao una kazi yake

Upepo haufuati mwezi mwandamo, lakini maji yanaufuata, na hapa sisi wanawake wa Kiislamu tuna elimu tayari mikononi. Wengi wenu mnafunga zile siku nyeupe, mwezi 13, 14 na 15. Basi siku hizo na chache zinazofuata ndizo za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiandama ni hivyo hivyo. Katikati yake, mwezi saba nane na ishirini na mbili tatu, ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Katika bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu ni zaidi ya mita 3, yaani zaidi ya urefu wa chumba.

Kuna jambo moja zuri sana ambalo mama zetu wanaokwenda pwani kutafuta pweza wanalijua kwa moyo. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa kabisa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume, hujaa asubuhi na kupwa alasiri. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo ukishajua mwezi ni wa ngapi, unajua maji yatakuwa wapi ukitoka kuswali alasiri, bila kufungua simu.

Linakusaidia nini? Ukitaka kwenda kile kifungu cha mchanga cha Maziwe, mbele ya Ushongo, unahitaji maji yamepwa, kwa sababu yakijaa sana kisiwa chote kinafunikwa. Zamani Maziwe ilikuwa na miti, bahari ikaila. Hata mayai ya kasa yanayotagwa pale huhamishiwa Ushongo yasichukuliwe na maji. Kama kasa anatafutiwa pa kuhamia, wewe bibi harusi usikubali kushushwa pale bila kumuuliza nahodha mtarudi saa ngapi.

Harusi ya Pemba

Sasa tuwape kisa kilichotufanya tuandike. Jina la mwenyewe tunaliacha.

Mwaka 2024, baada ya Idi Kubwa, tulishona nguo za binti mmoja wa hapa Tanga aliyekuwa anaolewa na kijana wa Wete. Ndoa ilifungwa Ijumaa, mwezi 14 kwa hesabu ya wengi. Mpango ulikuwa Jumapili avushwe Pemba na wanawake kama ishirini, nasi tukiwamo, maana ndio tuliokuwa tumvalishe nguo ya pili huko. Upande wa bwana harusi ulikuwa umekodi chombo cha mbao chenye mashine. Mwisho wa Juni. Kusi. Bamvua.

Jumamosi jioni tukaenda na somo wake kumwamkia nahodha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba wanangu. Mwaja kuniuliza kesho?"

"Ndiyo, mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Chombo hakina ubaya. Ubaya uko mkondoni. Upepo utatupiga ubavuni njia nzima, na maji ya bamvua yatakuwa yanakwenda mbio. Mimi na vijana wangu tungekwenda. Wanawake ishirini na majuba, na watoto, mimi sisemi nendeni."

Mkondo wa Pemba, kwa wasioujua, una upana wa kilomita 50 hivi na kina cha mita mamia. Si mahali pa kusema tutashuka tutembee.

Tukarudi nyumbani, simu ikapigwa Wete. Mama mkwe alikuwa na haki yake ya kuudhika. "Wanangu, ng'ombe kashachinjwa. Watu washaalikwa. Mwangoja nini, hiyo bahari si ndiyo hiyo hiyo siku zote?" Wazee wa kike wakatazamana. Wanaume walikuwa barazani, na mmoja akasema twendeni, tutawakali. Wote walikuwa wanajua ya mwaka 2012, meli ya MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikielekea Unguja tarehe 18 Julai, bahari imechafuka, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani. Lakini katika vishindo vya harusi mtu husema, hilo lilikuwa la wengine.

Ndipo somo akamgeukia bibi harusi. "Mwanangu, wewe wasemaje?"

Binti huyu alikuwa amekaa chumbani kwetu wiki tatu akipimwa nguo, akisikiliza haya yote tunayowaandikia leo. Akaomba simu. "Mama, shikamoo. Heshima yako iko pale pale, na mimi ni mwanao. Lakini kesho ni bamvua na kusi imeamka, na nina watoto wa watu ishirini nyuma yangu. Nitakuja kwa meli, wiki hii hii, maji yakianza kufa. Nisamehe kwa ng'ombe."

Simu ikakatwa upande wa pili. Binti akalia usiku ule, na sisi tukalia naye, maana kuanza ndoa kwa kumkatalia mama mkwe si jambo dogo. Ijumaa iliyofuata tukavuka kwa meli. Kusi ilikuwa bado inavuma na wapo waliotapika, lakini tulikuwa juu ya chombo kikubwa. Mama mkwe alitupokea kwa adabu na uso mkavu. Pilau ilikuwa ya pili, na kila mtu alijua ni ya pili. Ilichukua miezi mpaka uso ule ukalainika, na duka letu lilipoteza kazi mbili tatu za upande ule.

Pengine chombo cha Jumapili kingefika. Vingi hufika. Lakini bibi harusi hapeleki watoto wa watu baharini kwa pengine. Na kilichotupendeza zaidi ni kwamba neno alilisema yeye mwenyewe, kwa adabu, akiwa anajua anachosema. Mwanamke akiwa hajui, atasema "naogopa," na woga wake utachekwa. Akisema "kesho ni mwezi kumi na sita na upepo ni wa kusi," hapo hata barazani watanyamaza wamsikilize.

Sasa nguo, maana ndiyo kazi yetu

Stara na usalama vinaweza kukaa katika mshono mmoja. Mwaka 2004 Aheda Zanetti, Mwislamu wa Australia, alibuni burkini ili wasichana wetu wacheze na kuogelea bila kuacha stara. Karibu zaidi, kule Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kufunika mwili mzima, na picha walizopigwa na Anna Boyiazis zikapata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba stara na kuogelea havipatani.

Haya ndiyo tunayowaambia wateja:

1. Usiingie majini na khanga, dera la pamba wala baibui. Pamba hunywa maji ikawa nzito, na kitambaa kipana hukunasa miguu. Chagua nailoni au poliesta yenye kuvutika, isiyoshika maji.

2. Gauni la juu lifungwe na suruali kwa ndani, kwa vishikizo au utepe. Bila hivyo maji hulipandisha mpaka usoni, stara ikapotea na macho yakazibwa.

3. Mshono upigwe ovaloki kwa uzi wa poliesta. Uzi wa pamba huoza kwa chumvi.

4. Rangi. Mabibi harusi wengi wanataka nyeupe au samawati. Ni nzuri kwa picha, lakini majini hazionekani. Angalau kofia iwe ya chungwa au waridi kali, ili mtu wa ufukweni akuone.

5. Safarini, jaketi okozi livaliwe juu ya baibui, si ndani yake, na kamba zake zifungwe. Ushungi ubanwe kwa pini, maana kusi huupeperusha kama bendera na unaweza kujikuta huoni unapokanyaga.

6. Dera la upepo lina pindo pana na zito chini, na suruali nyepesi ndani. Ufukweni mwa Ushongo mwezi wa Julai, dera lisilo na pindo ni tanga la dau.

Na kabla ya nguo yoyote, jifunze kuelea. Kuelea tu. Waiteni wanawake wenzenu, asubuhi ya kaskazi, maji ya kiunoni, mahali pa faragha, mmoja amshike mwenzake kichwa. Ni zawadi ambayo haimo katika sanduku la bibi harusi yeyote tuliyemshonea, na tungependa iwemo.

Kwa hiyo shoga yetu, ukipanga tarehe, chukua karatasi uandike mambo mawili. La kwanza, tarehe ile ni mwezi gani wa jua, ujue ni kusi, kaskazi au tanga mbili. La pili, ni mwezi wa ngapi wa mwandamo, ujue ni bamvua au maji mafu. Halafu mwamkie nahodha mmoja mzee umuulize, usikilize na yale anayoyanyamazia. Ukishafanya hivyo, tawakali. Tawakali yako itakuwa na miguu.

Mwenyezi Mungu awape ndoa zenye utulivu na huruma, awavushe salama wote wanaosafiri usiku huu, na awarehemu ndugu zetu waliobaki baharini. Amin. Andikeni hapa chini harusi yenu ni lini, tuhesabu pamoja.